AMANA YA MASIKIO
Ugonjwa wa sukari, na hasara impatayo mtu bila ya maumivu

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumbia mwanadamu sikio la kuonekana na sikio lisiloonekana, akalificha hili la pili ndani ya mfupa mgumu wa kichwa ili lihifadhike. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Katika mambo yawatatizayo watu ni kujua wapi mtu hubeba dhima, na wapi huwa hana dhima. Mwenye kuvunja chombo cha mwenziwe kwa makusudi, hapana abishanaye juu yake. Lakini yule ambaye kitu kimemharibikia mkononi kidogo kidogo, pasi na kelele wala uchungu, hata siku alipokitazama akakikuta kimekwisha, huyo ana dhima au hana? Swali hili ndilo lizungumzwalo katika kurasa hizi, na mfano wake ni kusikia kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Kwani jambo lililothibiti kwa matabibu, na ambalo watu wengi hawajapata khabari yake, ni kuwa ugonjwa huu hauishii katika macho na mafigo na miguu, bali hufika mpaka ndani ya sikio, ukala kusikia kwa mtu kama mchwa alavyo boriti: nje rangi ni ile ile, na ndani ni unga.

HUKUMU YA NGUO ZA SUFI

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, katika mlango wa kuwekeana amana, wametaja mas'ala ambayo ni ufunguo wa jambo hili. Mtu akiwekewa amana nguo za sufi, haimtoshi kuzifungia sandukuni akakaa. Yampasa azikunjue, azianike penye upepo, kwa sababu sufi ikifungiwa huingia wadudu wakaila. Akiacha kufanya hivyo, nguo zikaharibika, atalipa, ijapokuwa hakuzichoma moto wala hakuzitia kisu. Kosa lake si kutenda. Kosa lake ni kuacha. Walakini wamesema pia: ikiwa nguo hizo zilikuwa ndani ya sanduku, naye hakujua ya kuwa ndani mna sufi, hana dhima, kwani mtu hatakiwi kukianika asichokijua.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza, uharibifu wa polepole hauiondoi dhima kwa sababu ya upolepole wake. La pili, dhima huanza pale ilimu inapoanza. Mwenye kujua kilichomo sandukuni hawi sawa na asiyejua. Na mwili wa mwanadamu ni amana aliyowekewa na Muumba wake, na kusikia ni katika vitu vya thamani vilivyomo. Basi kwanza na lifunguliwe sanduku, lijulikane lililomo.

UMBO LA SIKIO LA NDANI

Sikio lina sehemu tatu. Ya nje ni hili bawa lionekanalo, pamoja na tundu lake mpaka kwenye kiwambo. Ya kati ina vifupa vitatu vidogo mno, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Ya ndani ni kijumba kilichochongwa ndani ya mfupa wa ubavuni mwa kichwa, chenye umbo la konokono aliyejizungusha kiasi ya mara mbili na nusu. Kijumba hicho kimejaa maji, na ndani yake, katika kila sikio, mna chembe hai kiasi ya 15,000 zilizoota vinyweleo visivyoonekana kwa jicho tupu. Sauti ikigonga kiwambo, vifupa huyatikisa maji, maji huvitikisa vinyweleo, na chembe zile hupeleka khabari katika mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu husema kuwa amesikia. Na chembe hizi kwa mwanadamu zikisha kufa hazioti tena.

Kazi hii haifanyiki bila ya nguvu. Katika ukuta wa kijumba kile pana utando uliojaa vimishipa vya damu, na kazi yake ni kuyatia maji yale potasiamu na kuyapa nguvu ya umeme, mfano wa betri. Bila ya nguvu hiyo, vinyweleo vitatikisika, na khabari haitakwenda. Na damu ya sikio la ndani huja kwa mshipa mmoja mwembamba, usio na mwenziwe wa kuushika mkono siku ukiziba. Ni kama mji wenye kisima kimoja: kikipungua maji, mji mzima huona kiu.

Sasa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, damu yake ikikaa na sukari nyingi miaka kwa miaka, kuta za mishipa midogo huwa nene na njia yake huwa nyembamba. Ndivyo yaharibikavyo macho, na ndivyo yaharibikavyo mafigo. Matabibu waliochunguza mifupa ya masikio ya watu waliokufa wakiwa na ugonjwa huu, wamezikuta kuta za vimishipa vya konokono zimenenepa, na utando ule wa betri umekonda, na chembe zenye vinyweleo zimepungua. Na mishipa ya fahamu nayo hudhoofishwa na sukari, kama ijulikanavyo ile ganzi ya nyayo, na mshipa wa kusikia hauko mbali na khatari hiyo.

YALIYOTHIBITI KWA KUHESABU

Jambo hili si la kubuniwa jana. Mwaka 1857 tabibu mmoja aitwaye Jordao aliandika khabari ya mgonjwa wa sukari aliyepungukiwa na kusikia. Walakini baada yake watu walibishana zaidi ya miaka 100. Wako waliosema: wagonjwa wa sukari aghlabu ni watu wazima, na watu wazima hupungukiwa na kusikia kwa utu uzima wao, basi sukari yasingiziwa bure. Na hoja hii si ya kudharauliwa. Haikujibiwa illa kwa kuhesabu.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani. Watu 5,140, wenye umri wa miaka 20 mpaka 69, walipimwa kusikia kwao kwa vyombo baina ya mwaka 1999 na 2004. Katika sauti nzito na za kati, waliopungukiwa na kusikia miongoni mwa wagonjwa wa sukari walikuwa kiasi ya 21 katika kila 100; na miongoni mwa wasio na ugonjwa walikuwa 9 katika kila 100. Katika sauti nyembamba, wagonjwa walikuwa 54 katika kila 100, na wasio wagonjwa 32. Wachunguzi wakaupima umri, wakaipima kazi ya penye kelele, wakayapima na mengine, na tofauti ikabaki. Kisha mwaka 2013 wachunguzi wa Japani walizikusanya tafiti 13 za watu zaidi ya 20,000, wakakuta khatari ya wagonjwa wa sukari ni kiasi ya mara mbili ya wengine. Tena tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye umri wa chini. Lau kuwa ni uzee peke yake, mambo yangalikuwa kinyume.

Basi sanduku limefunguliwa, na ndani mna sufi. Aliyefikiwa na khabari hii si sawa tena na yule aliyekuwa hajui.

KWA NINI MWENYEWE HUWA WA MWISHO KUJUA

Yako maradhi ya sikio yapigayo kelele. Mtu mwenye sukari, khasa mtu mzima, huweza kupatwa na uvimbe mbaya wa tundu la sikio, aghlabu kwa kijidudu kiitwacho Pseudomonas, kikaingia kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye mfupa. Maumivu yake ni makali, huzidi usiku, na usaha hutoka. Ni ugonjwa wa kuua, na kwa ajili yake matabibu huwakataza wenye sukari kuchokoa masikio kwa vijiti na kuyasukumia maji. Walakini mwenye kupatwa nao hakai. Uchungu wenyewe humchukua mpaka kwa tabibu.

Huku kupungua kwa sikio la ndani hakuna uchungu hata chembe. Mwanzo huondoka sauti nyembamba. Mtu husikia ngurumo ya gari, husikia ngoma, husikia mtu akiita kwa mbali, basi hujiona mzima. Kinachomponyoka ni herufi zile laini: sini, shini, fa na tha. Asikia irabu, hasikii herufi za kutenganisha. "Fika", "shika" na "pika" kwake huwa neno moja. Akiambiwa "sita" atasikia "tisa". Naye hasemi kuwa kusikia kwake kumepungua. Husema ya kuwa watu wa zama hizi wananong'ona, na watoto hawakufundishwa kutamka.

Na hili si ukaidi. Mwenye kupungukiwa na macho huliona giza lake, kwani kitabu kiko mbele yake na hakisomeki. Lakini neno lisilosikika haliachi alama. Mtu hawezi kulikosa lile asilojua ya kuwa limesemwa. Mwenye hasara hii ndiye shahidi dhaifu kuliko mashahidi wote wa hasara yake, na wenye ushahidi wa kweli ni wale wanaosema naye kila siku: mke, mume, watoto, jirani na wanafunzi. Hapa ndipo ulipo moyo wa mas'ala haya. Sufi imo katika sanduku la mtu mmoja, lakini wanaowaona wadudu ni wengine.

KHATARI YA KUTIKISA KICHWA

Mtu aliyepungukiwa na kusikia, akiona haya kuuliza mara ya pili na ya tatu, huzoea kutikisa kichwa na kusema, "Naam, naam." Watu huliona jambo hili dogo, na huenda wakalicheka. Nalo si dogo, kwani sharia imejenga mambo makubwa juu ya sikio la mtu.

Mashahidi wa nikahi, katika madhehebu ya Shafi'i, imeshurutishwa wawe wenye kusikia, kwa sababu wanashuhudia maneno ya kuozesha na ya kukubali. Mwenye kushuhudia maneno yoyote hana budi awe ameyasikia. Kadhi yapasa awe mwenye kusikia. Nguzo za khutba ya Ijumaa yapasa zisikiwe na watu arubaini. Basi mzee aliyekaa mbele katika harusi, akatikisa kichwa kwa maneno ambayo hayakumfikia, hakumdanganya mtu kwa makusudi, walakini ameweka ushahidi mahali pasipo na ushahidi. Na mwenye duka aliyesikia "tisa" badala ya "sita", akaandika deni, amemdhulumu mtu ilhali moyo wake ni safi. Na mwalimu wa chuo asiyeitenga tena sini na tha katika kinywa cha mtoto, hupitisha kosa leo, na kesho mtoto yule ni imamu.

Tazama basi: hasara iliyoanza katika kimshipa chembamba kuliko unywele imefika mpaka katika nikahi, na deni, na kisomo. Asemaye, "Masikio ni yangu, nikipungukiwa nimepungukiwa mimi," hakuipima kauli yake. Kusikia kwa mtu ni mali ya watu wengi.

Na sharia haikuwafungia mlango hawa. Wanavyuoni waliosema kadhi kiziwi hafai, wamesema vile vile ya kuwa asikiaye kwa kupaziwa sauti anafaa. Haikutakiwa mtu ajitoe katika majlisi ya watu, kilichotakiwa ni aseme, "Sikusikia, nirudishieni." Neno hilo moja humtoa katika khatari yote iliyotajwa, na hapana aibu ndani yake.

WAJIBU WA WATU WAKE

Ikiwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, basi wajibu wa kwanza umewashukia wanaojua. Na jambo la kuhuzunisha ni kuwa hao ndio wa kwanza kukasirika. Mzee hupitiwa na kijana, akatolewa salamu, asiitikie. Kijana akenda akasema, "Fulani ana kiburi, hata salamu haitikii." Maneno yakazunguka mtaa mzima, udugu ukakatika, na mzee hajui alilolitenda. Ndani ya nyumba mke huita mara tatu, kisha akanyamaza kwa uchungu, akadhani amedharauliwa. Wana wakipanga mambo yao humpita baba, wakasema, "Kumweleza ni taabu." Mwisho mtu huwa amekaa kati ya watu wake kama kiti.

Kudhania mabaya bila ya hoja ni dhambi inayojulikana. Mwenye ugonjwa wa sukari asipoitikia, dhana njema haina haja ya kutafutwa mbali, kwani ugonjwa wenyewe umeileta. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Adhkar, ametaja hukumu ya kumsalimu kiziwi: mwenye kutoa salamu aitamke kwa ulimi, na pamoja na kuitamka aashirie kwa mkono, ili yule afahamu na apate kujibu. Hukumu hii ni ndogo kwa kuitazama, na ndani yake mna adabu kubwa. Aliyetakiwa kuongeza kitu ni yule mwenye kusikia, si yule mwenye kupungukiwa.

Basi na wafanye hivyo katika maneno yote. Wasimwite kwa nyuma wala kutoka chumba kingine. Wamkabili uso kwa uso penye mwangaza, apate kuitazama midomo. Waseme polepole na kwa kutamka, wala wasipige ukelele, kwani ukelele huivuruga herufi wala hauifafanui. Wazime redio kwanza. Asiposikia, wabadilishe maneno, wasirudie yale yale kwa hasira. Na kubwa kuliko yote ni wamwambie, kwa upole na kwa faragha: "Baba, tumeona kusikia kwako kumepungua, na wewe una sukari. Twende ukapimwe." Kumficha ukweli huu kwa kumstahi ni kama kuwaona wadudu wakila sufi ya mtu, na kunyamaza kwa adabu.

JE, MGONJWA ALAUMIWE?

Huenda mtu akasema: Maneno haya yanamwongezea mgonjwa mzigo. Ugonjwa umemfika kwa kadari, na sasa aambiwa ana dhima.

Jawabu yake: kupatwa ni jambo moja, na kuacha ni jambo jingine. Hapana alaumiwaye kwa kupatwa. Wako watu ambao sukari na uziwi vyote viwili wamerithi kwa mama zao. Mwaka 1992 wachunguzi waliipata sababu ya jambo hili katika ukoo mmoja wa Uholanzi: badiliko moja dogo katika urithi ule ambao mtoto huupata kwa mama peke yake. Watu kama hao hawakula sukari kwa pupa, wala hawakupuuza kitu, wamezaliwa nalo. Kadhalika wako watoto wadogo wanaopatwa na ugonjwa wa sukari, na hapana mwenye akili awezaye kuwauliza wametenda nini. Basi amwonaye mgonjwa wa sukari akasema, "Amejitakia," amesema asilolijua, na ulimi wake ni bora aushike.

Walakini mwenye kusema, "Sipimwi, nisije nikajua, nikawa na dhima," huyo hoja yake haisimami. Kutojua kwa kutojulishwa ni udhuru. Kutojua kwa kukimbia kujua si udhuru. Ni mfano wa mtu aliyeambiwa, "Sanduku hili mna sufi," akaziba masikio kwa vidole, kisha akasema, "Sikusikia." Na wenye kuhitaji kupimwa ni wengi: mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu katika Afrika, kusini ya Sahara, walikuwa hawajui kuwa wanao.

Ama kadari, haipingani na dawa. Kujitibu katika madhehebu ya Shafi'i ni sunna, na atumiaye dawa hakutoka katika kumtegemea Mwenyezi Mungu, kama vile afungaye mlango wake usiku hakutoka. Kabla ya mwaka 1922, ulipoanza kutumika insulini kwa watu, mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuwa na la kungojea illa mauti. Leo kuna la kufanya, na penye la kufanya, kukaa hakuitwi subira.

Na haifai kumdanganya mgonjwa kwa kumuahidi ya kuwa akiishika sukari yake, kusikia kutarudi. Kilichokufa ndani ya konokono hakirudi. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, wa watu waliokuwa na ugonjwa huu kwa miaka mingi, ulionyesha kuwa waliokaa na sukari ya juu zaidi katika miaka hiyo ndio waliopungukiwa zaidi na kusikia. Basi hakuna ahadi ya kurudishiwa kilichokwenda, kuna sababu ya kukihifadhi kilichobaki. Na mwenye amana, nguo moja ikiliwa, hana rukhsa ya kuiacha ya pili.

MIZANI YA MWILI

Katika kijumba kile kile cha sikio la ndani mna njia tatu zilizopinda mfano wa nusu ya pete, pamoja na vifuko viwili, na kazi yake ni kumjulisha mtu kichwa chake kimeelekea wapi. Hii ndiyo mizani ya mwili, nayo hainusuriki na sukari. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wa watu 5,086 wenye miaka 40 na zaidi, ulikuta kuwa khatari ya kuharibika mizani hii kwa wagonjwa wa sukari imezidi kwa kiasi ya sehemu 70 katika 100 kuliko kwa wengine.

Ajabu ya jambo hili ni kuwa mwanadamu husimama kwa mashahidi watatu: macho yanayoona ardhi, nyayo zinazoihisi, na sikio la ndani linalopima. Mmoja akidhoofu, wawili humshikilia. Na ugonjwa wa sukari huwaendea wote watatu. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye ugonjwa huu huweza kuanguka usiku anapokwenda kutawadha, katika giza na penye maji sakafuni, akavunjika nyonga, na watu wakasema ameteleza tu. Taa ya njiani na mkono wa kushika ukutani ni katika haki zake juu ya watu wa nyumba. Naye akishikwa na kizunguzungu asiweze kusimama katika sala, na asali kwa kukaa, wala asione amepungukiwa. Vitabu vya madhehebu vimekwisha kumtaja abiria wa chombo baharini anayeshikwa na kizunguzungu, vikampa rukhsa hiyo.

MUHTASARI WA YAMPASAYO MTU

Mwenye ugonjwa wa sukari yampasa, kama apimishavyo macho, apimishe na masikio kwa daktari wa masikio, pua na koo, asingoje mpaka aone tabu. Kipimo chenyewe hakina uchungu: mtu huvishwa vyombo masikioni, akasikilizishwa sauti nyembamba na nene, naye huashiria kila asikiapo. Ajihadhari na kelele kubwa. Akiandikiwa dawa, amjulishe tabibu khabari ya sukari na ya mafigo yake na ya masikio yake, kwani ziko dawa, kama jentamaisini na streptomaisini, zinazoua chembe za sikio, na khatari yake huzidi mafigo yakiwa dhaifu. Na kwinini nayo yajulikana kwa kuvumisha masikio. Sikio moja likifunga ghafula, asilale nalo akingoja lifunguke. Aende siku ile ile au ya pili yake, maana siku zikipita matibabu hupungua nguvu. Tena aseme kuwa ana sukari, kwa kuwa dawa itumikayo huipandisha.

Akiambiwa avae kifaa cha kusikilizia, na akivae. Watu huvaa miwani msikitini na sokoni wala hapana awacheke, bali huonekana ni wasomi. Kifaa cha sikio ni ndugu wa miwani. Aonaye haya kukivaa, na haoni haya kushuhudia asilolisikia, ameiweka haya mahali pasipo pake.

Na jamaa, ikiwa mzee wao hana uwezo wa kukinunua, na wachangiane. Watu huchangiana karamu ya siku moja, wakala wakaondoka. Na kumrudishia mtu maneno ya wajukuu wake ni karamu ya kila siku.

Basi jawabu ya swali la mwanzo ni hii. Hasara isiyo na uchungu haina dhima kwa asiyejua, ina dhima kwa ajuaye akaacha. Na katika hasara ya masikio, wanaojua kwanza si wenye masikio, bali ni wale wanaosema nao. Kwa hivyo siku ya kuulizwa, huenda mmoja akaulizwa kwa nini hakuihifadhi amana yake, na wa pembeni yake akaulizwa kwa nini aliwaona wadudu, akaghadhibika na mwenye nguo, asimwambie.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.